Vitesi Zikigoma: Tuanzie Nje Kabla ya Kufungua Moteri



Somo la leo si la mbegu wala la mbolea. Ni la pikipiki. Kuna watakaosema: «Hiyo ni kazi ya fundi, sisi inatuhusu nini?» Inatuhusu sana. Mpunga ukiisha kuvunwa na kukauka, unapaswa kutoka kijijini na kufika kwenye depo. Kwenye njia zetu za kwenda Kabambare ao Salamabila, mvua ikinyesha siku 2 mfululizo kamyo haipiti. Anayepita ni mwenye pikipiki. Pikipiki ya koperative ikilala, mchuuzi anakuja mpaka mlangoni na bei yake mwenyewe, na sisi tunaikubali kwa sababu pesa ya shule ya watoto haingoji.

Koperative nyingi za huku ziko na pikipiki moja tu, tena ya zamani: Yamaha AG 100 ao DT 125 iliyobaki baada ya mradi fulani, ao moja ya zile 125 za kutoka China ambazo zimejaa barabarani. Kwa pikipiki ya umri huo, ugonjwa unaotuogopesha kuliko mingine ni wa vitesi. Tunasikia «bwate imekufa» na moyo unashuka. Lakini mara nyingi bwate haijafa. Shida iko nje, mahali ambapo mtu mwenye kle 1 na kitambaa anaweza kuifikia.

Kosa letu wenyewe

Msimu mmoja uliopita, pikipiki ya koperative moja tunayofanya nayo kazi upande wa Kabambare ilianza kukataa vitesi. Dereva anakanyaga, inalia krrr, haiingii. Akisimama, pwamo haipatikani, yaani ile hali ambapo moteri inazunguka lakini gurudumu halivutwi. Tulimsikiliza dakika 5, tukasema: «Hiyo ni bwate, wafungue.» Fundi akafungua moteri chini ya mwembe. Pinyo zote za ndani zilikuwa nzima. Lakini moteri ikiisha kufunguliwa inadai jwenti mpya, mafuta mapya na malipo ya fundi. Jwenti zikatafutwa mpaka Kindu, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kasongo. Pikipiki ikalala juma 3, katikati ya mavuno.

Siku ya kuirudishia, fundi mwingine aliyekuwa anapita alishika mkono wa embreyaji, akauvuta mara 2, akauliza: «Hii kable mliiangalia?» Zaidi ya nusu ya nyuzi zake zilikuwa zimekatika. Ugonjwa ulikuwa pale juu kwenye usukani.

Pesa iliyokwenda ilikuwa imewekwa kwa kununua mifuko ya mavuno. Wanachama walituuliza, na hatukuwa na jibu lingine isipokuwa lile la kweli: tulianza ndani, na tulipaswa kuanzia nje. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

Vitesi inafanya kazi namna gani

Tukijua njia ya vitesi, tutajua pa kutafuta. Mguu wa kushoto unasukuma pedali. Pedali inazungusha chuma kinachoingia ndani ya moteri. Ndani kuna kipande cha mviringo chenye mifereji, mfano wa ngoma ndogo. Kikizunguka, kinasogeza nyuma zenye umbo la uma, na hizo zinasukuma pinyo ubavuni mpaka meno ya moja yaume ndani ya nyingine. Resori moja inairudisha pedali katikati baada ya kila kanyago. Resori nyingine, yenye kigurudumu kidogo, inaishika ngoma isihame yenyewe.

Embreyaji ni mlango kati ya moteri na bwate. Ni disiki kadhaa zilizobanana ndani ya mafuta. Ukivuta mkono wa kushoto, kable inaziachanisha, nguvu ya moteri haifiki kwenye bwate, na pinyo zinahama kwa amani. Mlango usipofunguka wote, unalazimisha pinyo kuhama huku zinasukumwa. Ndiyo ile krrr. Mlango usipofungwa wote, moteri inalia bure na mzigo hauendi.

Kwa hiyo vitesi ikigoma, wa kushukiwa ni wengi: kable, disiki, mafuta, pedali, sheni, halafu bwate yenyewe. Bwate tunaiweka mwisho kwa sababu kuifungua ndiyo ghali kuliko vyote.

Kwanza muulize dereva

Kabla ya kushika kle, uliza maswali 4:

1. Shida inakuja moteri ikiwa baridi, ikiwa na joto, ao saa zote?
2. Ni vitesi moja tu, ao zote?
3. Inakataa kuingia, ao inaingia halafu inatoka yenyewe?
4. Ilianza lini, na siku zile kulikuwa nini? Ilianguka? Ilivushwa mtoni? Ilibadilishwa mafuta? Ilibeba mzigo mkubwa?

Uliza pia kama dereva ni mgeni kwa pikipiki hiyo. Pikipiki hazifanani. Kwenye nyingi, vitesi ya kwanza inakanyagwa chini na zinazofuata zinapandishwa juu. Kwenye zingine zote zinakanyagwa upande mmoja. Mtu aliyezoea moja anaweza kuivunja nyingine akifikiri ni mbovu.

Majaribio 4 bila kufungua kitu

*Jaribio la kwanza: moteri ikiwa imezimwa.* Inyanyue gurudumu la nyuma kwa stendi ya katikati. Kama haina, weka kigogo imara chini ya fremu na mtu mmoja aishike. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole huku unapandisha vitesi moja moja. Usisahau kuzungusha, maana gurudumu likisimama meno ya ndani hayakutani na hata pikipiki mpya itakataa. Kama vitesi zote zinaingia vizuri hivi, lakini moteri ikiwaka zinagoma, usifungue bwate. Tafuta kwenye embreyaji na mafuta. Kama hata hivi kuna vitesi isiyoingia, angalia pedali kwanza, halafu ndiyo uwaze ndani.

*Jaribio la pili: embreyaji inaachia?* Shusha pikipiki chini, moteri imezimwa. Weka vitesi ya kwanza, vuta mkono wa embreyaji mpaka mwisho, sukuma. Inapaswa kutembea. Moteri ikiwa baridi itakuwa nzito kidogo, hiyo si ugonjwa. Lakini ikishikilia kama haujavuta kitu, disiki haziachani. Hili linaonekana sana kwa pikipiki iliyolala miezi kwenye depo: disiki zinagandamana.

*Jaribio la tatu: embreyaji inashika?* Mahali palipo wazi, bila mzigo na bila abiria, tembea na vitesi ya 3, halafu ongeza esansi. Kama moteri inapaza sauti lakini mwendo hauongezeki, embreyaji inateleza.

*Jaribio la nne: sheni.* Pikipiki ikiwa imesimama, shika sheni katikati, kati ya pinyo ya mbele na ya nyuma, uisukume juu na chini. Kwa 125 nyingi inapaswa kucheza milimeta 20 mpaka 30, upana wa vidole 2 hivi. Halafu fungua kifuniko kidogo cha pinyo ya mbele, upande wa kushoto. Watu wengi hawajawahi kuiona pinyo hiyo tangu pikipiki inunuliwe. Kama meno yake yamekuwa membamba na yameinama kama makucha, sheni inaruka juu yake, nawe utaapa kwamba ni vitesi inayoruka.

Alama na sababu zake

*Vitesi zote ni ngumu, zinalia, na pwamo haipatikani moteri ikiwaka.* Angalia kable. Ncha ya mkono wa embreyaji inapaswa kucheza bure kati ya milimeta 10 na 20 kabla haujasikia uzito. Ikicheza zaidi, mlango haufunguki wote: kaza kwenye ekru ya kurekebisha, kwenye usukani ao kule chini kwenye moteri. Angalia nyuzi za kable pale inapoingia kwenye mkono. Zikianza kukatika, badilisha leo, usingoje kesho. Kable ni kati ya vipuri vya bei ndogo. Zungusha usukani kushoto na kulia uone kama kable inabanwa. Hapa kwetu tunafunga mifuko na madumu mpaka kwenye usukani, na kamba inaibana kable bila mtu kuona. Angalia pia kama moteri inanguruma juu sana ikiwa imesimama. Ipunguze, maana hiyo peke yake inafanya vitesi ya kwanza iingie kwa kishindo.

*Moteri inalia, mzigo hauendi.* Hapa ni kinyume chake: kable imekazwa sana, mkono hauchezi kabisa, na mlango haufungwi. Legeza kwanza. Kama kable iko sawa, uliza mafuta gani yaliwekwa. Kama mafuta ni sahihi, basi disiki zimeisha ao resori zake zimechoka. Anayepanda mlima huku ameshikilia embreyaji nusu, na mifuko 2 nyuma, anazimaliza upesi.

*Pedali inazunguka bure ao inateleza mguuni.* Bulo inayoibana imelegea. Nyingi zinafunguliwa na kle ya 10. Toa pedali, safisha, uangalie meno madogo ya ndani. Kama yamelika, badilisha pedali sasa. Ukiiacha, itakula na meno ya chuma kinachoingia kwenye moteri, na hapo shida ndogo imekuwa kubwa.

*Pedali haiendi mpaka mwisho.* Pikipiki ilianguka upande wa kushoto na pedali imepinda, inagusa kifuniko cha moteri. Ao udongo umejaa nyuma yake na kukauka kama tofali. Osha kwanza, ndiyo uhukumu.

*Pedali inakanyagwa lakini hairudi katikati.* Resori ya kurudisha imevunjika ao imetoka mahali pake. Kwenye 125 nyingi iko chini ya kifuniko cha upande wa kulia, ule wa embreyaji. Mafuta yatamwagwa na jwenti moja itabadilishwa, lakini moteri haipasuliwi katikati. Mwambieni fundi hivyo mapema.

*Vitesi moja, tena ni ile ile kila siku, inaingia halafu inatoka ukiongeza esansi ao ukishuka mlima.* Hii ndiyo ya kuogopa. Kama sheni ni nzima, basi huenda ile resori yenye kigurudumu imechoka, nayo mara nyingi iko upande ule wa kulia. Ao meno ya ubavuni ya pinyo yamekuwa mviringo, ao uma umepinda, na hapo lazima moteri ipasuliwe. Pikipiki hiyo isibebe mtu wala mzigo. Ukishuka kuelekea mtoni na kilo 100 nyuma, moteri ndiyo inayokusaidia kushika mwendo. Vitesi ikitoka, unabaki na freni peke yake, na freni za pikipiki ya zamani tunazijua. Mpunga ukichelewa, tutaupeleka kesho. Mtu akiumia, hatuna njia ya kumrudisha kama alivyokuwa.

Mafuta: wengi tunakosea hapa

Kwenye 125 za kawaida, mafuta yale yale yanahudumia moteri, bwate na embreyaji. Kwa hiyo mafuta mabaya yanaharibu vitatu kwa mara moja.

Pima hivi: weka pikipiki wima mahali pa tambarare, washa dakika chache, zima, ngoja dakika 2 ao 3. Toa kijiti, kipanguse, kirudishe bila kukikaza, halafu kitoe usome. Mafuta yabaki kati ya alama 2. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Pikipiki iliyovushwa Luama ao kijito kilichofurika, maji yakafika kwenye moteri, ipimwe mafuta siku ile ile. Yakiwa meupe, yamwagwe yote.

Kwenye AG 100 na DT 125 za zamani ni tofauti. Zile zinachoma mafuta pamoja na esansi, lakini mafuta hayo hayafiki kwenye bwate. Bwate iko na mafuta yake peke yake, na tundu lake peke yake. Tumekutana na madereva waliojaza yale ya kuchomwa kila juma, na yale ya bwate hawakuyagusa miaka. Halafu tunashangaa vitesi zinalia.

Ukinunua, tafuta maandishi JASO MA kwenye chupa. Maana yake mafuta hayo yanafaa kwa embreyaji inayooga ndani ya mafuta. Baadhi ya mafuta ya gari yako na dawa ya kulainisha inayofanya disiki ziteleze. Angalia pia kama kifuniko kimefunguliwa: chupa nzuri inaweza kujazwa mafuta yaliyokwisha kutumika. Na mawese, wandugu, ni ya sombe. Tusiyaweke kwenye moteri wala kwenye sheni.

Ukimwaga mafuta ya zamani, yapitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga mwembamba unaong'aa ni kawaida kwa moteri ya umri ule. Kipande cha jino la chuma si kawaida: simamisha pikipiki, ita fundi. Na mafuta hayo usiyamwage karibu na kisima wala shambani. Yahifadhi kwenye dumu.

Kama ni lazima kufungua

Baada ya hayo yote, kuna siku kweli bwate itakuwa imekufa. Basi tufanye kwa utaratibu:

- Komite na fundi wakubaliane bei ya kazi kabla ya bulo ya kwanza kufunguliwa, na iandikwe.
- Jwenti na vipuri vinavyojulikana vitafutwe kwanza, ndipo moteri ifunguliwe. Pikipiki ambayo bado inatembea inaweza kungoja jwenti. Moteri iliyo wazi inaingia vumbi.
- Kazi ifanyike ndani ya nyumba ao juu ya meza iliyotandikwa turubai, si kwenye mchanga.
- Wanachama 2 wawepo. Wahesabu vipande na kuviweka kwenye beseni kwa mpangilio. Mwenye simu apige picha kila hatua.
- Vipande vya zamani virudishwe kwa komite. Fundi mzuri hakasiriki kwa hilo.
- Kama pinyo moja imelika meno ya ubavuni, angalieni na ile inayoumana nayo, pamoja na uma wake. Ukibadilisha moja tu, ile ya zamani itaiharibu mpya.

Daftari, na dereva asiyeogopa

Tumegundua jambo moja ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha ufundi. Kwenye koperative ile ya kable, dereva aliisikia shida mwezi mzima kabla hajasema. Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu komite ilikuwa na desturi ya kumkata dereva pesa kila kitu kikiharibika. Akaona afadhali anyamaze, pengine itajiponya. Chuma hakijiponyi.

Tunawashauri muwe na daftari moja linalokaa pamoja na ufunguo. Kila safari dereva aandike tarehe, kilometa, mzigo, na neno moja juu ya hali: «vitesi ya 2 inalia», «embreyaji imelegea». Kila Jumamosi mtu wa komite asome na kusaini. Na mkutano mkuu ukubaliane wazi: aliyesema mapema haadhibiwi, anayeulizwa ni aliyeficha. Kila safari iache pesa kidogo kwenye kisanduku cha pikipiki, mbali na pesa ya mbegu na mifuko, ili kable ikikatika isingoje mkutano.

Maswali ya kuongea katika kikundi

1. Pikipiki yetu iko na mafuta ya aina gani, na yalibadilishwa lini? Nani anaweza kujibu sasa hivi bila kuuliza?
2. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, tulianzia nje ao ndani?
3. Dereva wetu akisikia sauti mpya leo jioni, atamwambia nani, na ataogopa nini?
4. Nani kati yetu, mama ao baba, kijana ao mzee, anataka kujifunza kupima kable, mafuta na sheni? Chagueni watu 2, si mmoja.

Kwenye mkutano ujao, ileteni pikipiki pale pale uwanjani, muifanyie majaribio yale 4 mbele ya wote. Hayatamaliza saa moja. Sisi tuliyakwepa siku ile, na tulilipa juma 3 za mavuno.